Samaki Aliyenizuia Kumpeleka Mama Yako Tanga

Bredäng, Stockholm

Mjukuu wangu Rehema,

Nakusalimu kwa furaha, nawe wasalimie wote hapo Tanga. Sisi hatujambo. Goti la Bibi yako limepoa, na leo ameoka mkate.

Umeuliza kama ni kweli nilimlea mama yako peke yangu. Ni kweli. Miaka ya sabini mwanzoni Bibi yako alilazwa hospitali mwaka mzima, na mama yako alikuwa na miezi minne. Nilishaamua kumpeleka Tanga kwa dada yangu, maana niliamini mwanamume hawezi kulea mtoto mchanga.

Wakati ule nilikuwa nikisafisha matangi ya samaki kwenye maabara moja ya pwani huku huku ughaibuni. Siku moja niligusa gamba la kome lililofunika mayai ndani ya tangi, akachomoka samaki mdogo kama kidole, akanishambulia mkono. Nikamwambia Birgitta, mwenzangu kazini, "Mama huyu mkali!"

Akacheka. "Huyo ni baba. Jike hutaga, kisha huenda zake. Dume ndiye anayelinda mayai na kuyapepea mpaka yaanguliwe."

Nilisimama pale na brashi mkononi, nikimtazama akirudi kupepea. Jioni nilimwandikia dada yangu kwamba mtoto haji.

Mchana, nilipokuwa kazini, mtoto alibaki na jirani yetu, mama mmoja Mganda, ambaye namwombea heri hadi leo. Mengine nilijifunza, hata kusuka nywele.

Bibi yako aliporudi, mama yako alimwendea mlangoni kwa miguu yake. Namshukuru Mungu kwamba hatua zake za kwanza niliziona mimi.

Babu yako akupendaye