Kambare wa Baba Nasieku

Shikamoo Mama! Ndivyo tunavyowasalimu wakubwa huku. Arusha leo ni baridi na ukungu, Mlima Meru hauonekani kabisa.

Ulihofu kwamba baba yake mchumba wangu Nasieku hatamkubali mkwe Mkenya, tena mla samaki, maana kwao wafugaji samaki ni ndugu wa nyoka. Jumamosi nilikwenda kuvua Ziwa Duluti, kujiburudisha tu, naye akaja kutazama. Nikamwomba anishikie fimbo ya kuvulia nimimine chai. Ghafla kambare akavuta.

"Mzee, achia!"

"Niachie? Mimi nishindwe na nyoka?"

Akaingia majini na shuka lake mpaka magotini, akamburuta nje. Tulicheka hadi tukakaa matopeni.

Jioni Nasieku alimkaanga yule kambare. Mzee hakuonja, alikunywa maziwa yake, lakini alinisogezea kichwa cha samaki. "Kula, mwanangu."

Mama, siku zote nilikuwa "yule Mkenya." Nilikila kichwa chote, hata mifupa nikaifyonza.

Mwambie fundi aanze kushona gauni lako la kuvaa kwenye harusi yetu. Wasalimie wote Kisumu, na Mungu akutunze.

Mwanao akupendaye,
Ochieng