Kama Bukoba na Mwanza Tu

Jumapili mchana, Rubya. Jua limetoka baada ya mvua ya asubuhi, na mimi sina hamu nalo. Nimekaa nyuma ya nyumba ya mama, kwenye migomba, naandika kwa simu kwa sababu ndani kumejaa watu wema ambao siwezi tena kuzungumza nao.

Jana tulimzika mama. Dada yangu Koku hakuwepo.

Koku ndiye mkubwa wetu. Ni muuguzi Hammerfest, mji mdogo kaskazini kabisa mwa Norwei, ambako mwezi huu wa kwanza jua halichomozi kwa majuma. Ili aje huku lazima kwanza apande kindege hadi Tromsø, uwanja mwingine wa huko huko kwenye theluji, ndipo aunganishe kuelekea kusini, halafu Dar, halafu Bukoba.

Mama alipofariki Jumatatu, wazee wa ukoo waliniuliza kama kipande hicho cha kwanza ni kirefu. Mimi ni mwalimu wa jiografia shule ya Kahororo, nani mwingine wangemuuliza? Nikatazama mtandaoni, nikawajibu kwa kujiamini: kilomita mia mbili na ushee, dakika arobaini hivi angani.

"Ni kama Bukoba na Mwanza tu," nikasema. Wakaridhika, wakapanga maziko Ijumaa.

Sikusema lolote kuhusu upepo. Mimi, mtu wa Bukoba, niliyewahi kurudi nyumbani na begi langu kutoka uwanja wa ndege kwa sababu ya ukungu wa ziwani! Nilidhani kwa Wazungu mitambo inamaliza kila kitu.

Dhoruba ikafunga uwanja wa Hammerfest. Barabara nayo ikafunikwa na theluji. Koku akawa anakwenda uwanjani na kurudi, anakwenda na kurudi, gizani. Ijumaa wazee wakasogeza maziko hadi Jumamosi. Jumamosi baba mdogo, Ta Kamugisha, akanivuta pembeni.

"Waitu mwanangu, tumengoja. Marehemu naye anachoka."



Kwetu mtoto mkubwa ndiye hutupa udongo kwanza kaburini. Wengine hatugusi kabla yake. Ta Kamugisha akaamua nitupe konzi ya udongo kwa niaba ya Koku, kisha nitupe yangu. Nikashika simu ya video kwa mkono wa kushoto ili Koku aone. Mtandao ukakatika jeneza likiwa bado linashuka. Nikatupa konzi ya dada yangu, naye hajui kama imetupwa.

Nimelia kwa ile konzi kuliko nilivyolia kwa kifo chenyewe. Najua si haki kwa mama.

Leo asubuhi upepo umetulia. Koku ameandika kutoka Tromsø kwamba amefika, na kwamba safari ilikuwa fupi, hata chai hawakupewa. Kisha akaandika: "Ulinitupia?" Nikajibu ndiyo. Hakuandika tena.

Atafika Bukoba Jumanne. Kila alipokuja likizo, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia, amevaa kitenge kipya, sisi wengine tukingoja zamu. Safari hii nitasimama pale uwanjani peke yangu, naye atatoka mlangoni akitafuta uso wa kuanzia.

Nitaanza na pole, au na karibu?