Mlango wa Darasa la Pili

Kitangari, Jumanne, Februari 1994

Bado naisikia sauti ya Zuhura. Mvua ilikuwa inaingia darasani, nikafunga mlango, naye akapiga yowe na kumng'ata mwenzake begani. Mwalimu mkuu akataka achapwe. Nikaomba kwanza nizungumze na mlezi wake.

Mama yake mdogo alikuja kutoka sokoni, anakouza mitumba.

"Nyumba yao iliungua naye yumo ndani, mlango umefungwa," alisema. "Alikuwa bado anatambaa, mwalimu. Hakumbuki chochote."

Hakumbuki? Nadhani ubongo wake unakumbuka, ingawa yeye mwenyewe hajui. Mlango ukifungwa, mwili unajiokoa kabla hajawaza. Na sisi tunamwita mtukutu.

Nilimhamishia karibu na mlango, nikauacha wazi. Watoto wa mbele walilowa kidogo, hakuna aliyelalamika. Saa ya kusoma, Zuhura alisoma sentensi nzima kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisoma.

Mwalimu mkuu anasema namdekeza. Labda. Mwakani atakuwa kwa mwalimu mwingine, na sijui kama huyo atanielewa nikimweleza kuhusu mlango. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Lakini leo hakuchapwa.