Ukuta Waliouvunja Kortini

Homa Bay,
Alhamisi

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, na samaki wa ziwani nimeshawazoea. Kinachoninyima raha ni kazi.

Unakumbuka niliitwa huku kwa kuwa naijua chokaa. Korti ya zamani ya wakoloni, iliyobaki na popo tu, inageuzwa ukumbi na maktaba ya wananchi. Nilianza kwa furaha, nikaziba mianya ya mawe kama alivyotufundisha baba. Kisha kontrakta akataka ukumbi uwe mpana zaidi, akaamuru ukuta wa kati uvunjwe. Nilimwambia boriti za paa zimeuegemea. Akasema mimi ni mtu wa plasta, si injinia.

Ukuta ukavunjwa, na baada ya wiki mbili ufa ukatokea juu ya mlango. Nikabandika kipande cha kioo juu yake kwa saruji, maana ukuta ukisogea kioo hupasuka. Kesho yake nilikikuta vipande viwili. Nikabandika kingine, hicho hakikumaliza hata siku. Kontrakta alivibandua mwenyewe, akaniagiza niufunike ufa kwa plasta na rangi. Nilikataa, akanifuta kazi.

Nikamwendea Mama Akinyi, kiongozi wa akina mama watakaofundisha ushonaji humo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Fundi, hii nyumba tumeililia miaka mingi," akasema. "Tukikataa kuingia, watapatia watu wengine. Sasa niwaambie wamama nini?"

"Waambie wakae nje."



Leo nimepita pale. Ukumbi umependeza, dada, siwezi kusema uongo. Ufa hauonekani kabisa. Watoto wa shule walikuwa ndani wakifanya mazoezi ya nyimbo za ufunguzi, na kila walipopiga miguu chini, vumbi jembamba liliwashukia mabegani. Mama Akinyi alimpangusa mmoja, akatazama vidole vyake, kisha akatazama juu. Akawatoa wote, taratibu, bila kuwaambia sababu.

Kontrakta anasema ufunguzi ni Jumamosi na watu wataingia. Mama Akinyi ameniambia atasimama mlangoni. Nami nitasimama naye, ingawa sijui wawili tutawazuia wangapi.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa Kisauni, na mwanao kitinda mimba. Mama usimsomee barua hii yote.

Itakapokufikia, Jumamosi itakuwa imepita. Niombee hata hivyo.

Mdogo wako,
Athumani