Utepe wa Upande wa Ndani

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mawingu mepesi, baridi kidogo, upepo unavuma kutoka kwenye tanuru kuja kwetu.

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, na za binti yako Redio, ambaye hivi sasa amekaa kizingitini akiwaeleza watoto wa jirani jinsi meli inavyoelea, ingawa meli yenyewe hajaiona. Hujambo huko kambini? Miguu imeacha kuvimba? Hao wajenzi wa barabara bado wanakulalamikia kwamba chumvi imezidi, kisha wanarudisha sahani tupu? Sisi huku hatujambo. Na ninakuomba, dada, uiamini hatujambo hii ya leo. Zile mbili nilizokuandikia mwezi wa nne na mwezi wa tano hazikuwa za kweli. Ningeweza kukupigia, lakini simu yako hushika mtandao ukipanda juu ya tangi la maji, na haya si maneno ya kumwambia mtu aliye juu ya tangi.

Nianze mwanzo. Mwishoni mwa mwaka jana nilikwambia kwamba kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, hapo nyuma yetu, kimewasha tanuru la pili. Nilichokuwa sijakijua wakati ule ni kwamba kabla ya kuyeyusha, walikuwa wanachoma nyaya za umeme ili ganda la plastiki liishe wabaki na shaba. Moshi wake ni mzito, una rangi ya chai iliyolala, na unakaba koo. Shuka nyeupe ukianika asubuhi, unaanua ya kijivu.

Unanijua nilivyo. Miaka tisa ya kuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka imeniharibu. Hata mkate nikipewa naupima kwa mkono kabla ya kuuma. Kwa hiyo tarehe 9 Januari nilichukua utepe wa gundi, ule wa kubandikia karatasi, nikauweka kwenye kingo ya nje ya dirisha, gundi juu. Asubuhi yake nikaubandika kwenye shajara yangu, chini ya tarehe. Nikafanya hivyo kila siku. Ukifungua kurasa hizo unaona siku ya mvua ni nyeupe, siku ya upepo kama wa leo ni nyeusi kama chini ya sufuria. Nilijivunia kazi hiyo kuliko unavyodhani.

Mwezi wa tatu Redio alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha alfajiri. Nikasema, sitakaa nikitazama. Tarehe 2 Aprili nilibandika magazeti kwenye nyufa zote za dirisha, nikaziba na tundu la juu ya mlango kwa kitambaa. Jiko la mkaa nikalitoa barazani, maana chakula kilikuwa kinaingia masizi ya kiwanda, nikaliweka ndani, kwenye kona karibu na kitanda cha mtoto, apate na joto. Unakumbuka ninavyowasha mkaa: kipande cha mfuko wa plastiki, kiberiti, basi. Ndivyo tulivyofundishana tangu tukiwa wadogo, wewe na mimi. Nikafunga mlango, nikajiona mama hodari.

Kikohozi kikazidi. Nikaongeza magazeti.

Tarehe 11 Mei wakazi walikutana na kiwanda. Kiwanda kilimleta msimamizi wa tanuru, jirani yetu wa nyumba ya tatu, yule tunayemwita Baba Cheche kwa sababu mashati yake yote yana vitundu vya moto. Nilisimama na shajara yangu, nikawaonyesha watu kurasa moja baada ya nyingine. Akajibu kwa upole kwamba wameomba bomba liwekewe chujio na tajiri analifikiria. Nikamwambia watoto hawavuti mawazo ya tajiri, wanavuta moshi wake. Watu walipiga makofi. Halafu nikaongeza neno ambalo hakuna aliyelipigia makofi: nikamuuliza huwa anawezaje kumbusu mtoto yeyote wa jirani akijua anachompulizia. Mkewe alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Tarehe 4 Juni, Jumatano, nilimwamsha Redio aende shule akanitazama tu. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nikamwita, hakujibu. Dada, mtoto huyu hata usingizini huwa anaongea. Nilimbeba mgongoni nikatoka mbio, na wa kwanza kusimamisha gari njiani, akanishikia mlango, akapanda pamoja nasi mpaka hospitali, alikuwa Mama Cheche, mke wa yule niliyemwaibisha mkutanoni. Njia nzima alimshika mtoto miguu, akiisugua ipate joto.

Alilazwa siku tatu. Walimwekea mashine ya mvuke usoni, wakamchoma sindano, na siku ya pili mchana sauti ikarudi. Najua utataka kujua neno lake la kwanza. Alitazama dirisha la wodi, likiwa wazi na pazia likipepea, akaniuliza, "Mama mdogo, hawa hawana magazeti ya kubandika?"

Mimi nilicheka kwa furaha ya kumsikia. Muuguzi hakucheka. Aliacha alichokuwa akifanya, akataka kujua magazeti gani. Nikamweleza kila kitu kwa fahari, na shajara nilikuwa nayo, maana asubuhi hiyo nilipita nyumbani kuchukua nguo na hata hapo sikusahau utepe wangu wa mia na arobaini na saba. Aliufungua ukurasa mmoja mmoja bila haraka. Akasema kazi hii ni nzuri na kiwanda kinastahili kuiona. Kisha akaniuliza, "Hizi zote ni za nje. Za ndani ziko wapi?"

Sikuwa nao hata mmoja. Mia na arobaini na saba, na wala haikunipitia akilini.

Jioni hiyo Mama Cheche alibaki na Redio, mimi nikarudi nyumbani. Nikaweka tepe mbili: mmoja kingo ya nje kama kawaida, mwingine juu ya mto wa mtoto. Nikawasha jiko vilevile ninavyowasha siku zote, nikapika, nikafunga. Asubuhi ya tarehe 6 nilizibandika pamoja kwenye ukurasa mmoja. Wa nje ulikuwa wa kijivu. Wa ndani ulikuwa mweusi kuliko wowote niliowahi kuubandika, isipokuwa siku mbili za mwezi wa pili.

Nilikaa kitandani kwa mwanao nikiutazama. Mimi, ninayesimamisha lori zima kwa gunia moja lisiloeleweka.

Muuguzi alinieleza bila kunifokea. Kiwanda kilimwanzishia kikohozi, akasema, na mimi nikaufungia moshi wangu ndani pamoja naye. Moshi wa mkaa na plastiki kwenye chumba kilichozibwa ni mbaya kwa kifua chochote, sembuse cha mtoto wa miaka sita. Na ipo sehemu yake isiyo na rangi wala harufu, ambayo haishiki hata kwenye utepe, na hiyo huua watu wazima wakiwa wamelala. Alisema tuna bahati. Niliandika neno hilo kwenye shajara.

Jumapili nilikwenda kwa Baba Cheche kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba nilimsingizia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea kiti, ndipo akasema, "Karani, usitufutie kosa letu kwa sababu umelipata la kwako." Akanieleza kwamba tangu mkutano ule nyaya hazichomwi tena, zinamenywa kwa kisu, na vijana wanamnung'unikia kwa malengelenge. Chujio limeagizwa. Nimemwambia nitaamini nikiliona, akasema na yeye vilevile. Shajara yangu ameiomba aipeleke kwa tajiri, yote, pamoja na ukurasa wa tarehe 6. Nilitaka kuuchana. Akanizuia; akasema karani akichana ukurasa, nani atamwamini kwa zilizobaki?

Siku ya tatu alikuja na jiko alilolichomelea mwenyewe, lina kofia ya bati na bomba refu la kutolea moshi juu ya paa la baraza. Halitaingia ndani tena. Mkaa nawasha kwa maranda makavu. Dirisha liko wazi mchana na usiku, na kwa kuwa amenipa saa zao za kufungua tanuru, nane mchana mpaka kumi, nalifunga saa hizo tu.

Sasa dada, nililolikimbia tangu mstari wa kwanza. Aliyemnyima mwanao hewa miezi miwili ni mimi, kwa mikono yangu, nikidhani namlinda. Na nilikuficha. Si kwa sababu sikutaka kukutia wasiwasi, ingawa ndivyo nilivyojiambia. Niliogopa ungesema umchukue. Nyumba hii kabla ya Redio ilikuwa na saa ya ukutani na mimi, na saa ndiyo iliyokuwa ikiongea zaidi. Niliogopa ukimya huo kuliko nilivyokuogopa wewe, na hilo halikuwa haki, maana ni mwanao. Ukisema aje kwako, nitafungasha nguo zake, dawa zake za kuvuta na karatasi ya hospitali, nimlete mwenyewe mpaka kambini. Sitabisha. Ukisema abaki, nitabandika tepe mbili kila siku, ndani na nje, na nitakutumia zote.

Nimekuwekea wa leo asubuhi ndani ya bahasha. Ni wa ndani. Uinue juu, uutazame kwenye mwanga.

Redio anakusalimu na anauliza kama barabara mnayoijenga itafika hapa, na kama ikifika mtakuwa mmeimaliza au mtaendelea tu. Mama Cheche naye anakusalimu. Wasalimie wote huko jikoni, na viatu vinavyobana usivivae tena.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Karani

Naongeza haya Jumapili asubuhi kabla ya kufunga bahasha. Jua limetoka mapema, upepo umegeuka. Jana nililala saa nne na robo, dirisha wazi, nikisikiliza pumzi yake, na sikuamshwa na kitu.