Kivuli cha Mkasi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mama hajambo, ila vita vyake na paka wa jirani bado havijapata suluhu.

Jana baba mdogo aliniita studio kwake nitazame picha za zamani alizoandaa kwa maonyesho. Laiti ungeliona jiji lile: chemchemi mbele ya benki, taa za shaba barabara nzima, wapita njia wamevalia kana kwamba wote wanakwenda harusini. Leo pamebaki mashimo na vibanda.

Katika picha mojawapo niliiona nyumba yetu. Juu ya mlango, pale baba alipotundika alama yake ya ushonaji, palikuwa patupu.

"Mkasi wa mbao wa marehemu baba uko wapi?" nikauliza.

"Wakati huo baba yenu hata sindano hajaishika," akacheka. "Nyumba ilikuwa yangu. Yeye nilimkaribisha baadaye."

Unaijua kazi yake: kwa wembe mdogo hukwangua filamu, na chunusi za maharusi zikatoweka. Basi nikaiinamia picha. Mkasi haukuwapo mlangoni, lakini kivuli chake kilikuwa kimelala kwenye lami safi, makali yake yametanuka.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Uzuri wa jiji, baba mdogo."

Akanimiminia chai, kisha akauliza, kama mtu aulizaye hali ya hewa, iwapo umekwisha kusaini zile hati za nyumba alizokutumia.

Usisaini, kaka. Chai yenyewe sikuinywa.

Mimi mdogo wako,
niliyebaki nyumbani