Sketi Mbili Katika Sanduku la Arielle

Mwaka umezunguka, Arielle, tangu tulipokurudisha nyumbani kutoka hospitali ukiwa umefunikwa shuka la mama, na mlango wa chumba chako bado tunaupita polepole. Ulikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa wanaosoma haya bila kukujua: huyu ndiye Arielle Ngoie wa Kikula, sauti ya kwanza ya Cuivrettes, wale wasichana wanne wa Likasi waliojiita kwa jina la shaba na kupigwa redioni mpaka Kambove na Kakanda.

Dada yako Hortense ndiye anayeandika, kwa niaba yetu sote. Amekataa kujiita "mimi" humu ndani. Anasema akiandika "mimi" ataanza kujitetea.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukiimba huku unakoroga bukari, na mwiko ukikugongea mdundo kwenye sufuria. Hukuweza kumpita mama anayeuza mkaa pale kona bila kumuuliza habari za magoti yake. Ukiazimwa kitu hukuuliza kitarudi lini, ndiyo maana hukuwahi kuwa na mwavuli. Kundi lilipokufa ulifungua kibanda cha kusuka nywele karibu na soko, na Jumamosi ukafundisha watoto kuimba parokiani, ukiwavumilia hata wale wasio na sikio kabisa.

Cuivrettes walianzia kwaya ya parokia hiyohiyo: wewe, Carine mwenye sauti ya pili, Germaine na Martine. Mlifanya mazoezi chini ya banda la bati, karibu na njia wanayopita wafanyakazi wa kiwanda wakitoka zamu. Wao ndio waliokuwa watazamaji wenu wa kwanza, wamesimama na baiskeli zao na vumbi usoni. Mama yetu Albertine alinunua kitenge, kikwembe kama tunavyosema sisi, akakikata vipande vinne kwa mkasi wake, na fundi akashona sketi nne zilizofanana. Ndani ya kila mkanda alitia herufi ya jina kwa uzi mwekundu, msije mkagombana.

"Kikwembe moya, bantu bane," mama alisema. "Mwenye atakuya na ingine, alishatoka."

Hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa hapa. Harusini, kilioni, jukwaani, nguo ndiyo inayosema nani yuko na nani. Anayekuja na yake amekwisha kuaga.

Hortense alikuja kwenye kila zoezi. Alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, macho mlangoni. Alimshuku Parfait, msimamizi wenu, kwa sababu viatu vyake vilikuwa safi kupita kiasi kwa mji wetu. Alimshuku mpiga gita kwa sababu alicheka kila kitu. Alimshuku Martine kwa kutokunywa maji aliyomiminiwa na mtu mwingine. Wewe ulimcheka, ukamwita polisi wa mipaka. Lakini alikupenda, Arielle, na aliamini kwamba mtu mwenye sauti kama yako lazima awe na mwizi karibu.

Kisha likaja tamasha la Lubumbashi, lile lililotakiwa kuwafungulia njia. Asubuhi ile umeme haukuwepo. Hortense alitia makaa kwenye pasi, akanyoosha sketi yako huku akili yake iko kwa Parfait na gari lake, akajiuliza kwa nini mnaondoka mapema hivyo. Harufu ndiyo iliyomshtua. Pasi ilikuwa imekula kitambaa nyuma, pale pa kukalia. Alipiga kofi juu ya moshi, akaikunja sketi, sehemu iliyoungua ikawa ndani, akaiweka kwenye mfuko wako na kufunga zipu. Alijiambia kwamba ni doa dogo, usiku taa zitalificha.

Picha zilipofika, wewe ulikuwa katikati, sketi nzima kabisa, unang'aa. Germaine na Martine pia. Carine peke yake alikuwa na sketi ya manjano. Hortense alishukuru Mungu kwamba doa halikuonekana. Hakujiuliza limekwenda wapi. Alimtazama Carine katika nguo ya manjano, na hapo akapata kazi mpya.

"Ule Carine banamununua," alisema sokoni, kisha kisimani, kisha kwenye ngazi za kanisa. "Angalia kilamba yake ya manjano. Alishatuaga."

Na kweli, macho ya watu wa Lubumbashi yalikuwa yameenda kwa yule aliyevaa tofauti, na Parfait akaanza kumsimamisha Carine mbele. Basi kila mtu akaona ushahidi. Germaine akaacha kumsalimia. Martine akataka kujua nani anakula na Parfait. Mkaanza kufika mazoezini mmoja mmoja na kuondoka mmoja mmoja. Mlirekodi nyimbo mbili zaidi, sauti nne zisizosikilizana, na redio ikazipiga wiki moja. Mwaka uliofuata Germaine aliolewa Kolwezi, Martine akaingia kazi ya ofisi, Carine akabaki hapa mjini, mtaa wa Panda, akiimba harusini na kaseti. Nawe ukarudi nyumbani ukanyamaza, na sisi tukasema: mumeona, tulijua.

Ulipolazwa, Carine alikuja hospitali siku ya tatu na chupa ya munkoyo, kwa sababu alijua kwamba unapoumwa hakuna kinachokushuka kooni isipokuwa kile kinywaji cha mahindi na mizizi. Hortense alimpokea mlangoni, akamshukuru, akamwambia umelala. Kisha akaenda nyuma ya wodi na kumwaga chupa yote chini. Nani ajuaye kilichokuwa ndani? Ulipoamka ukauliza ni nani aliyekuja, alikujibu: mtu wa parokia. Siku sita baadaye ulituacha.

Kilioni Carine alikuja tena, akaomba aimbe wimbo mmoja tu. Hortense alimwambia sauti za familia zinatosha.

Mama hakutaka sanduku lako lifunguliwe mpaka mwaka ukaribie kuisha. Mwezi uliopita tulilifungua ili tugawe nguo zako, kama desturi inavyotaka. Chini kabisa, chini ya madaftari ya nyimbo, tulikuta sketi mbili za kikwembe cha Cuivrettes, zimekunjwa pamoja. Moja ilikuwa nzima, na ndani ya mkanda wake kulikuwa na herufi C. Ya pili ilikuwa na herufi A, na nyuma yake tundu lenye umbo la ncha ya pasi, ncha ileile iliyopinda ya pasi yetu. Mama aliuliza hii nini. Kaka yako Guy aliuliza Carine aliingiaje hapa. Hortense aliketi sakafuni.

Alikuwa amemshuku kila mtu aliyewahi kupita kwenye banda lile. Alisahau kujishuku mwenyewe. Na wewe, Arielle, ulijua mkono uliochoma, ukauficha miaka kumi na moja ili dada yako asiaibike mbele ya mama. Tunakupenda kwa hilo, na linatuuma.

Jumanne Hortense alikwenda Panda na kipande cha kikwembe kipya, tulichokata ili sote tuvae kimoja kwenye misa yako. Carine alikuwa uani anaanua nguo. Hakumkaribisha.

"Unatafuta nini kwangu?"

"Nakuletea kikwembe ya messe ya Arielle."

"Nani alikutuma? Munataka bantu baniangalie tena?"

"Hakuna muntu alinituma," Hortense alisema. "Ile jupe ya Arielle, minye njo niliichoma na fer. Nilijua tangu ile asubui. Weye ulimupatia yako."

Carine aliweka nguo chini. Alisubiri jirani aliyekuwa akiwatazama aingie ndani.

"Siku moya Arielle aliniuliza kama nilimupatia na roho safi," alisema, "ao kusudi nionekane minye peke. Ile njo iliniuma. Nilikasirika, sikumujibu. Nilizani ni weye ulimutia ile mawazo."

"Ni minye."

"Na munkoyo? Alikunywa?"

Hapo Hortense angeweza kudanganya, na ingekuwa rahisi. "Niliimwanga," alisema. "Nilizani ulitia kitu ya mubaya ndani."

Carine alichukua kikwembe mkononi mwake. Alikikunjua chote, akakitazama mbele, akakigeuza nyuma, akakiinua juani akitafuta tundu. Kisha akakikunja.

"Hii nitapiga fer minye mwenyewe," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Basi kila aliyesikia habari ya Carine sokoni, kisimani au kwenye ngazi za kanisa, aisome na hii: Carine hakununuliwa na mtu. Alivua nguo yake akakuvika wewe, akapanda jukwaani na alichokuwa nacho. Nawe, Arielle, uliuliza ni nani aliyekuja hospitali. Ni yeye. Samahani kwamba jibu limechelewa.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi saa tatu asubuhi, parokiani kwetu Kikula. Hatujui kama atakuja. Hortense anashuku hatakuja, na safari hii anaomba awe amekosea. Atakaa mwisho wa benchi la mbele, mkoba magotini, macho mlangoni, na pembeni yake ataacha nafasi ya mtu mmoja.

Wanaokukumbuka: mama yako Albertine, kaka yako Guy na mkewe, watoto wa kwaya ya Jumamosi, dada yako Hortense, aliyechoma sketi, na Carine, sauti ya pili.

Siku zote tutakuwa nawe mioyoni, Arielle.